Maharusi Watatu wa Otterlo

Mdogo wangu aliolewa Tanga mwezi wa Juni, nami nikiwa chuoni Wageningen, Uholanzi, na mitihani. Harusi yake niliisikia kwa simu. Picha iliganda tangu mwanzo, zikabaki sauti tu: vigelegele, matari, somo yake akiwahimiza wanawake wasogee. Yeye mwenyewe nilimwona mara moja, amekaa kitini, macho chini, mikono ya hina mapajani. Kisha intaneti ikakatika.

Kwa hiyo Septemba, mwenzangu wa darasani kutoka Java, Indonesia, aliponiambia kwamba katika makumbusho ya Kröller-Müller kuna mchoro wa maharusi watatu, kazi ya mzaliwa wa kwao, sikusubiri kubembelezwa. Jumamosi asubuhi tukapanda basi hadi Ede, tukabadilisha, tukashuka Otterlo.

Makumbusho hayo yamo ndani ya hifadhi ya Hoge Veluwe, na langoni unakuta baiskeli nyeupe zimepangwa safu kwa safu. Unachukua yoyote, bure. Breki yake ni kurudisha pedali nyuma, jambo ambalo miguu yangu ilichelewa kulielewa. Nikakunja baibui, nikalifunga kiunoni, tukaingia msituni. Misonobari, mchanga mweupe kama wa pwani, vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau yaliyoanza kunyauka. Upepo ulikuwa wa baridi lakini jua lilikuwepo.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1938, na kiini chake ni mkusanyiko wa sanaa wa Helene Kröller-Müller. Wengi huja kwa ajili ya mchoraji Van Gogh, nasi tulipita kwake kwa heshima bila kukaa sana. Tulichokifuata kilikuwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kwa sababu karatasi haivumilii mwanga mkali.

Ni karatasi ya kahawia, kama sentimita 78 kwa 98, iliyochorwa kwa penseli na chaki mwaka 1893. Mchoraji wake, Jan Toorop, alizaliwa Purworejo, Java, mwaka 1858, akaletwa Uholanzi akiwa mtoto, na baadaye akawa mmoja wa wachoraji wakubwa wa Usimboli. Wachoraji hao hawakutaka kuchora kile jicho linachokiona tu. Walitaka umbo la mtu libebe kisichoonekana: hofu, tamaa, imani.

Katikati amesimama bibi harusi wa kibinadamu, mwili wake ukionekana kwa mbali nyuma ya shela jepesi. Kushoto kwake ni mtawa, bibi harusi wa Kristo, macho yamekodoka yakitazama mahali tusipopaona. Kulia ni bibi harusi wa kuzimu, shingoni mkufu wa mafuvu madogo. Juu, kwenye pembe zote mbili, mikono iliyopigiliwa misumari imeshika kengele. Na kutoka kwenye kengele hizo mlio unatiririka.

Naam, mlio. Toorop ameuchora. Mistari inatoka kinywani mwa kengele, mingi, sambamba, inajipinda kama moshi wa udi, na ukiifuata kwa jicho unakuta imegeuka nywele za wasichana wanaoelea pembeni. Huwezi kusema sauti inakomea wapi na nywele zinaanzia wapi. Nilisimama pale nikafuata mstari mmoja tangu juu hadi chini, kisha mwingine. Miezi mitatu nilikuwa nimebeba sauti za harusi zisizo na picha, na hapa kuna mtu aliyeipa sauti umbo miaka mia na zaidi iliyopita.

Mwenzangu yeye aliona mikono. Alipoiona tu alisema, "Wayang!" Wayang ni vikaragosi bapa vya ngozi vinavyochezeshwa nyuma ya pazia kwao, kivuli kikaonekana mbele. Akanyoosha mkono wake, akaukunja kwenye kiwiko, vidole vikirudi nyuma, akafanana kabisa na wasichana wa ukutani. Mikono yao ni mirefu, myembamba kupita kiasi, na hisia zote zimo humo: huu unaomba, huu unakinga, huu umekata tamaa.

Kwangu mimi mafuvu hayana nguvu hiyo. Fuvu linakuamuru uogope. Mkono uliopinda unakuacha uhisi mwenyewe. Na uso wa bibi harusi wa katikati hauniambii chochote, ndiyo maana sikuweza kuondoka mbele yake. Kila kitu kinapiga kelele kumzunguka, yeye ametulia, kama bibi harusi wa kwetu anavyofundishwa kutulia.

Mwaka uliofuata, 1894, Toorop alitumia mistari hiyohiyo ya nywele kwenye tangazo la mafuta ya saladi ya Delft, hata Waholanzi wakauita mtindo mzima kwa jina la mafuta hayo. Mwenzangu alilitaja hilo kwa uchungu kidogo. Mimi nilipenda kwamba mistari ile ilifika hadi jikoni.

Tukiwa kituoni tunasubiri basi la kurudi, nilimtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti. Nilimwuliza siku ile, macho chini, moyoni kulikuwa na nini. Akajibu kabla basi halijafika.

"Sikumbuki uso wa mtu hata mmoja, dada. Nakumbuka mkono wa mama begani kwangu. Ulikuwa unatetemeka."