Kilomita kumi na moja kutoka lami

"Dada, hapa ushuke kidogo," kijana wa bodaboda akaniambia tulipofika bondeni. Nikashuka. Akaipitisha pikipiki, begi langu likiwa limefungwa nyuma kwa mpira, juu ya tuta jembamba la udongo lililobaki katikati ya makorongo mawili, kila moja kina chake magotini. Nikapanda tena. Kutoka njia panda ya lami ya Manyovu hadi nyumbani kwetu Buhigwe, mkoani Kigoma, ni kilomita kumi na moja. Siku hiyo nilishuka mara nne.

Baba mdogo alinipokea akicheka matope ya viatu vyangu. "Mwanangu, huko ulikotoka umeshasahau vumbi." Miaka kumi na tatu nimekaa Iowa, Marekani, na hapa kijijini wanaamini huko mtu anakanyaga lami mpaka mlangoni kwake. Kumbe mimi kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao, huko mashambani, na asubuhi nyingi niliendesha gari kwenye kokoto za mawe ya chokaa, vumbi jeupe likinifuata kama moshi wa tanuri. Iowa ina kaunti 99, na barabara nyingi za mashambani huko ni changarawe hadi leo. Wenyewe wala hawaoni aibu.

Basi sikuuliza lami inakuja lini. Niliuliza kwa nini changarawe yao inapitika na yetu haipitiki.

Ni kweli Buhigwe ni milima na mvua yetu haina simile. Ni kweli pia wao wana hela. Ila chanzo cha hela chenyewe kinafanana kuliko nilivyodhani. Mwaka 2015 Iowa waliongeza senti 10 kwa kila galoni ya mafuta kwa ajili ya barabara. Sisi mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwa kila lita, zielekezwe kwenye barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017 na unaosimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000, sehemu kubwa ikiwa udongo mtupu. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, mgawo wa Mfuko wa Barabara ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, 30 kwa hizi zetu. Yule kijana aliyejaza petroli ya chupa pale njia panda naye kailipia barabara hii. Nilipomwambia alidhani namtania.

Tofauti niliyoiona mimi iko kwenye kalenda. Mwaka wa fedha wa kaunti za Iowa unaanza tarehe 1 Julai, sawasawa na wetu. Lakini kule greda ni la kaunti, na anayeliendesha ni mwajiriwa mwenye eneo lake. Mvua ikikatika, anatoka. Hasubiri zabuni. Anarudisha katikati kokoto zilizokimbilia pembeni, barabara inapata mgongo, maji yanamwagika kushoto na kulia badala ya kulala njiani. Yule wa njia yangu nilimfahamu kwa kidole kimoja tu alichokuwa akininyanyulia kutoka kwenye usukani tukipishana.

Hapa kwetu kazi ni ya mkandarasi: tangazo, tathmini, mkataba, kisha kuusafirisha mtambo. Na Kigoma mvua inaanza Oktoba. Mwaka juzi, anavyosimulia baba mdogo, greda liliingia kijijini Novemba. Likachonga vizuri, moramu ikamwagwa mafungu mafungu, na kabla mtambo wa kushindilia haujafika mbingu ikafunguka. Ilipofika Krismasi moramu yote ilikuwa kwenye mahindi ya bondeni. Jina la mkandarasi silitaji. Fedha ikitoka Julai na mtambo ukafika Novemba, hata fundi hodari atachonga matope.

Baba mdogo anakumbuka vibarua wa PWD, idara ya kazi za umma ya serikali, enzi za ujana wake, kila mmoja na jembe na kipande chake cha barabara. Siku hizi vikundi vya kijamii navyo vinaweza kupewa mikataba midogo ya kufyeka na kuzibua mitaro. Hilo ndilo ningependa lifike kwetu, hata kabla ya greda.

Maana Jumamosi tulishuka na baba mdogo kwenye kalavati la bondeni, palepale niliposhushwa. Lilikuwa limeziba kabisa. Kwa koleo na fimbo tulitoa mabua ya mahindi, migomba iliyooza, kandambili moja, na kipande cha kitenge ambacho shangazi alikitambua. Kutwa nzima. Kalavati lenyewe zima, halina hata ufa. Maji yalikosa pa kupita yakapanda barabarani na kuchimba yale makorongo. Mtaro wa juu yake haupo tena: jirani ameulima, ameotesha maharage.

Tukaufukua hatua kama ishirini hivi. Usiku mvua ikanyesha, nikalala nikisikia maji yanaguguma chini kwenye bomba. Asubuhi na mapema hodi mlangoni. Jirani, kaloa hadi magotini, anataka kujua ni nani kayaelekeza maji kwenye maharage yake.