Zamu Yetu kwenye Banio la Kimani

Juzi mwanangu alikuwa akichora ramani ya mito kwa kazi ya shule, akaniuliza Ruaha Mkuu unaanzia wapi hasa, maana kila alipoufuata kwa kidole kuelekea juu aliukuta unagawanyika. Nilimtajia Chimala, Kimani na Mbarali, inayoteremka kutoka safu za Uporoto na Kipengere, kisha Ndembera unaotoka upande wa Mufindi, nikamweleza jinsi maji hayo yote yanavyokutana katika bonde la Usangu, yakatuama katika kinamasi cha Ihefu, halafu yakapenya kwenye mwamba wa Ng'iriama kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na mabwawa ya Mtera na Kidatu. Yeye aliridhika. Mimi nilikuwa nimeshamkumbuka Mjomba.

Ilikuwa Novemba, miche ya mpunga imesimama kitaluni na majaruba yetu, yaliyokuwa mkiani kabisa mwa mfereji, yakingoja maji ya kuvuruga tope. Zamu yetu ilianza jioni, lakini hadi usiku mfereji ulikuwa mkavu. Mjomba alichukua jembe na tochi, tukaufuata mfereji kwenda juu, na njiani tukakuta tuta limetobolewa hapa na pale, kila tundu dogo tu, la kumtosha mwenye jaruba lake. Aliyaziba yote bila kumlaumu mtu.

Banio, yaani kizuizi kinachoelekeza maji ya mto mferejini, lilikuwa la zege na milango ya chuma, lililojengwa mahali pa lile la zamani la miti, mawe na nyasi ambalo mafuriko yalikuwa yakilibomoa kila masika. La zamani lilivuja, na kilichovuja kiliendelea na safari yake mtoni. Hili jipya halikuvuja. Upande mmoja mfereji ulijaa hadi ukingoni. Upande wa pili, mahali ulipopaswa kuwa mto Kimani, tochi ilimulika mchanga mtupu. Kando ya mlinzi wa banio alikuwa amesimama mzee mmoja kutoka kijiji cha chini, pamoja na kijana wake.

Mjomba alimwamkia. Mzee aliitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, sisi hatuombi maji ya kulimia. Tunaomba ya kunywa, sisi na mifugo."

Mlinzi alisema kwamba hana ruhusa ya kufungua, ila mwenye zamu akikubali kupunguziwa, yeye hatakuwa na neno. Mwenye zamu hadi alfajiri alikuwa Mjomba. Alikaa kimya muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya usukani wa mlango, na nilijua anachokiwaza kwa sababu nilikuwa nimeiona miche yetu ikianza kugeuka rangi. Kisha akauzungusha yeye mwenyewe. Maji yalitoka na sauti ya kukwaruza, yakaloweka mchanga kwanza, yakasita, ndipo yakaanza kwenda, na yule kijana akaanza kutembea sambamba nayo kuelekea chini.

Msimu ule tulipandikiza kwa kuchelewa na mavuno yalikuwa haba.

Ukubwani ndipo nilipofahamu kwamba tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi kila kiangazi, kwa wiki kadhaa na wakati mwingine kwa miezi. Nimewasikia watu wakiwatupia lawama wakulima wa mpunga, wengine wafugaji, na kila mara huyakumbuka yale matundu ya tutani, kwa maana mto unaokuzwa na vijito vingi hupunguzwa kwa namna hiyohiyo, kidogo hapa na kidogo pale, na hakuna mmoja kati ya wanaochota anayeona kwamba amechukua kingi. Lakini wali uliotulea ulitoka kwenye maji hayo, na siwezi kusema kwamba tusingelima.

Mjomba hakuwahi kunieleza kwa nini alikubali. Kama zamu ingekuwa yangu, na miche ile ikawa ya watoto wangu, sina hakika mkono wangu ungeuzungusha usukani ule.