Khalifa wa Stronghold Crusader: dawa ya moto wake

Ukipangiwa kucheza na Khalifa kwenye Stronghold Crusader, mchezo wa kompyuta wa kujenga ngome na kupigana, usianze na ukuta. Huyu bwana wa ngome anayeendeshwa na kompyuta humchosha mpinzani kwa moto kabla hata hajagusa lango lake. Silaha yake inayoudhi kuliko zote ndiyo ya bei rahisi kuliko zote: mtumwa wa dhahabu 5 mwenye mwenge. Anakimbilia kilicho nje ya ngome, yaani shamba la ngano, kibanda cha mkata miti, machimbo, kisha anawasha.

Moto ukishashika, majengo yaliyobanana hupokezana. Hapo ndipo wengi huumia, maana katika mchezo huu mashamba hukubali ardhi ya kijani tu, na kijani chenyewe ni haba, kwa hiyo kila mtu huyarundika pamoja. Likiungua moja, yote yamo hatarini. Ngano ikikatika, mkate unakatika. Ghala la chakula likiwa tupu, umaarufu unashuka na watu wanahama. Unaweza kushindwa vita bila jiwe hata moja la ukuta wako kung'oka.

Kwa hiyo acha nafasi kati ya mashamba na viwanda, hata kama ramani inakubana, na weka kisima karibu na kila kundi la majengo. Kisima kilicho ndani ya ngome hakisaidii shamba la mbali: mpaka mtu wa ndoo afike, hakuna cha kuokoa. Muhimu zaidi, jenga mnara mdogo nje, upande watumwa wanakotokea, uweke wapiga mishale wachache. Mtumwa hana kinga, anaanguka upesi. Mpiga mishale wa Kizungu ni dhahabu 12 pamoja na upinde kutoka ghala la silaha. Wa Kiarabu ni dhahabu 75 lakini hadai upinde, hivyo ndiye wa kununua mapema wakati karakana zako bado hazijasimama. Wapanda farasi waache. Huku wanatakiwa watu wanaokaa mahali pamoja.

Kushambulia ni hesabu nyingine. Mbele ya ngome yake tazamia mitaro ya lami. Ukipeleka wapiga panga wako wote kwa mkupuo mmoja, lami inawashwa wakiwa katikati na jeshi la dhahabu nyingi linateketea bila kupigana. Dawa ni kumlipa kwa sarafu yake: nunua watumwa 10, dhahabu 50 tu, watangulize. Lami ikiwaka inakwisha pale ilipokuwa, lakini Khalifa ataitandika tena akiwa na akiba. Jeshi halisi lisubiri nyuma, moto uzimike kabisa, ndipo liingie mara moja. Kuchelewa ni kumpa nafasi ya kuchimba upya. Tena ukiona vibanda vyake vya kuvutia lami kwenye kinamasi, vichome mapema. Huo ndio mshipa wake.

Manjaniki kubwa, mtambo wa kurusha mawe, haisogei ikishasimikwa, basi chagua mahali kwa makini, nje ya shabaha ya minara yake. Inahitaji wahandisi 3, kila mmoja dhahabu 30, na dhahabu 150 za mtambo wenyewe: 240 jumla. Inakuja na mawe 20. Usiyamalize kwenye ukuta mrefu. Lenga mnara mmoja wenye wapiga mishale wengi, kisha ukuta ulio jirani nao, upate njia moja pana. Njia tatu nyembamba ni mitego mitatu.

Ukiona miti ya kunyongea na vyombo vya mateso kuzunguka jumba la Khalifa, usiogope. Hofu huwafanya wafanyakazi wazalishe zaidi, ila askari wanapigana vibaya, na ana kwa ana wako watawazidi. Tafuta bwana mwenyewe. Akiuawa yeye, jeshi lake lote linaondoka naye, hata lile lililokuwa njiani kuja kuchoma ngano yako.