Mhamishe mzee

Wiki nzima nina sauti moja tu kichwani: "Mhamishe mzee." Naoga nayo, napanda nayo daladala, naandika nayo ripoti za kazini. Wiki hii ndiyo tumehamia jengo jipya na Neema kamaliza mitihani yake ya kidato cha sita, lakini mimi bado niko pale ukumbini Tabata, kwenye sendoff ya binti wa shemeji, nimekaa karibu na jukwaa.

Bendi iliyoalikwa ni ya swahiba wangu wa Tanga. Yule wa gitaa la nyuzi tano, mliosoma habari zetu za ujana mnamkumbuka. Sikuwa na habari kwamba ndio watakaopiga, mpaka nilipowaona wanashusha vyombo. Moyo ukaruka. Nikakaa vizuri kwenye kiti, nikamsubiri afike nilipo.

Akafika. "Shikamoo mzee."

Nikatabasamu, nikampa nafasi anitazame. Akanitazama, usoni kabisa.

"Marahaba," nikasema, maana hakuna kingine kilichotoka.

"Samahani mzee wangu, hapa tunaweka spika." Kisha akamgeukia kijana wake: "Mhamishe mzee, mpeleke kule kwenye feni."

Kijana akanishika kiwiko kwa adabu zote, akanibebea na soda yangu. Tumezaliwa mwaka mmoja mimi na huyu mtu. Tumelala kitanda kimoja, tumekula sahani moja. Mama Neema aliyaona yote, akaninong'oneza, "Si umwambie?" Nimwambie nini sasa? Kwamba mimi ni mimi?

Najua nimebadilika. Kisukari kimeninyonya, mashavu yameingia ndani, nywele zimekwenda, na mliokuwa nami hapa mwaka jana wakati nimelazwa mnajua nilipofikia. Lakini nilidhani yapo macho ambayo hayahitaji mashavu ili yanijue.

Usiku ule usingizi ulikataa. Nikachukua simu, nikavaa spika za masikioni, nikafungulia "Shine On You Crazy Diamond" ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza. Huo ndio wimbo wetu, mimi na yeye. Mjomba wake alikuwa baharia, akamletea kanda kutoka safarini, na sisi tukashinda nao mchana kutwa tukitafuta zile noti nne za gitaa zinazoingia baada ya ule mwanzo mrefu wa vinanda. David Gilmour, mpiga gitaa wao, alizipata akichezeachezea gitaa mazoezini London mwanzoni mwa 1974, na Roger Waters, mpiga besi na mtunzi wao, alipozisikia zikamgusa moyo, na wimbo mzima ukaota kutoka hapo. Mimi ndiye niliyezipata kwanza kwa sikio, nikamshika vidole swahiba wangu, nikamwonyesha pa kubana. Noti ya nne haiendi pale sikio linapoitarajia. Inakaa pembeni kidogo, na huzuni yote imo humo.

Kisa cha wimbo nilikuja kukijua baadaye. Umeandikwa kwa ajili ya Syd Barrett, aliyeanzisha bendi pamoja na Waters na wenzake na kuipa jina, kwa kuunganisha majina ya wapiga bluzi wawili wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Yeye na Waters ni vijana wa Cambridge, walisoma shule moja, na Gilmour alikuwa rafiki yao wa huko huko. Albamu ya kwanza ya 1967 karibu yote ni kazi ya Syd. Kisha akili ikaanza kuyumba, na LSD, dawa ya kulevya aliyoitumia kwa wingi, haikumsaidia. Jukwaani akawa anaweza kusimama tu bila kupiga. Siku moja Januari 1968 wamo garini wanakwenda kupiga Southampton, mmoja akauliza kama wampitie Syd, mwingine akasema haina haja. Hawakumpitia. Nadhani sehemu ile ya garini inaniuma kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyegombana na mtu. Gari lilipita tu.

Mwaka 1975 wako studio za Abbey Road wanamalizia wimbo huu. Tayari walikuwa wameshaupiga mbele ya watu Ufaransa na Uingereza mwaka mmoja kabla. Tarehe 5 Juni akaingia mtu mnene, kanyoa kichwa, kanyoa na nyusi. Rick Wright, mpiga kinanda, alisimulia mwenyewe kwamba alimwona mtu amekaa nyuma ya chumba, akamuuliza Waters ni nani yule. Ni Syd, akajibiwa. Waters alilia. Syd alikuwa na miaka 29.

Kila ninapokisoma kisa hiki, kinasimuliwa na waliolia. Wanasema ilikuwa ajabu ya bahati, mtu kutokea siku ile ile wanayomalizia wimbo wake. Wanasema walivyoshtuka, walivyovunjika moyo kumwona vile. Na mimi kwa miaka yote nimekisoma nikiwa upande wao, nimesimama na Waters na machozi yake. Juzi kwa mara ya kwanza nilikisoma nikiwa nimekaa kule nyuma ya chumba. Umeingia mahali ulipopaanzisha wewe. Watu uliowafundisha wanakuangalia, wanaulizana wewe ni nani. Na wimbo unaopigwa ni wa kukulilia, na wewe uko hai, umeketi, unasikia.

Nilikasirika sana usiku ule. Niliwakasirikia wao, nikamkasirikia swahiba wangu, nikamkasirikia hata yule kijana aliyebeba soda.

Lakini wimbo una dakika kama 26, umekatwa sehemu tisa, nusu inafungua albamu na nusu inaifunga. Nikausikiliza wote. Mwisho kabisa, sauti inapofifia, Wright anapitisha kwenye kinanda kipande kidogo cha "See Emily Play", wimbo wa Syd mwenyewe wa 1967. Kinapita haraka, usipokiwinda hukisikii. Hakutangaza. Alikiweka tu, jambo la Syd likabaki ndani ya mikono yake. Na Gilmour kwa miaka iliyofuata alihakikisha malipo ya nyimbo za Syd yanamfikia. Syd alirudi Cambridge, akapaka rangi picha zake, akalima bustani yake, akapanda baiskeli kwenda dukani, akaishi miaka 31 baada ya siku ile ya studio, mpaka Julai 2006. Mtu hakai miaka 31 akiwa msiba wa wengine. Alikuwa na asubuhi zake.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho hasira ilinifunika nisikione. Nikiwa kule kwenye feni, bendi ilipoanza rumba la kumwingiza bibi harusi, swahiba wangu alipiga utangulizi peke yake. Mkono wa kushoto ukapanda shingo ya gitaa, kidole cha pete kikabana uzi, kikausukuma juu kidogo, noti ikaning'inia, akaiachia taratibu. Vile ndivyo nilivyomwonyesha mimi, kwenye baraza la bibi yake, na vile sikufundishwa na mtu. Miaka yote hii hakukiacha. Huenda hata hajui tena kimetoka wapi. Jamani, nimefurahi. Nimefurahi mpaka nimemwamsha Mama Neema saa tisa usiku kumweleza, naye akasema alijua tu nitafika hapo. Kesho natafuta namba yake kwa shemeji.

Ila mama kapiga simu jioni hii kutoka Lushoto. Ng'ombe yule mwenye mimba hali tangu juzi, amelala tu na tumbo limejaa upande wa kushoto. Nimemwambia amwite yule kijana wa mifugo wa kata, kumbe kasafiri, na wa kijiji cha pili simu yake haipatikani. Hela ya yule ng'ombe ndiyo mama anaitegemea kwa paa la jiko kabla ya masika. Kama kuna mtu wa huko anamjua daktari wa mifugo anayeweza kupanda mlima kesho asubuhi, aniandikie.