Askari Mstaafu Halalamiki: Shajara ya Chumba cha Mionzi

Alhamisi usiku.

Ukimuuliza askari mstaafu anaendeleaje, atakujibu yuko sawa. Atakujibu hivyo kibofu kikiwa karibu kupasuka, au akiwa amepungua kilo tano, au akiwa hajalala kitandani juma zima kwa sababu ya mgongo. Kwenye tiba ya mionzi ya saratani jibu hilo halina msaada. Sisi tunaoendesha mashine tunalenga kwa milimita, na kila anachoficha mgonjwa hubadilisha mahali pa kile tunacholenga. Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Chumbani kwetu kinachomuumbua ni picha ya CT, ile inayoonyesha ndani ya mwili, inayopigwa akiwa keshalala mezani.

Wengi wanaotibiwa kwenye hospitali za askari wastaafu hapa Marekani ni wanaume wa rika la Vietnam, wenye miaka sabini na kitu au themanini. Saratani ya tezi dume inaongoza, kisha mapafu, kisha kichwa na shingo. Baadhi yao walikuwa pale Agent Orange na sumu nyingine za kuua majani zilipomwagwa Vietnam kati ya 1962 na 1971. Wadogo zao wa Iraq na Afghanistan walivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka. Sheria ya PACT, iliyosainiwa Agosti 10, 2022, iliongeza saratani ambazo askari wa namna hiyo halazimiki tena kuthibitisha kwamba zilitokana na utumishi wake. Si kazi yetu kujaza fomu, lakini kumuuliza kama amewasilisha madai yake ya fidia na kumwelekeza kwa ofisa wa ustawi wa jamii ni jambo la dakika moja. Yeye mwenyewe hatalianzisha.

Tezi dume ndiyo inayokula sehemu kubwa ya siku. Tezi hiyo iko chini ya kibofu, mbele ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kibofu kikijaa husukuma utumbo mwembamba juu, ukatoka kwenye njia ya mionzi. Puru ikiwa tupu, tezi hutulia mahali pake. Maagizo ya kawaida ni kwenda haja zote mbili, kunywa maji kama nusu lita, kisha kusubiri dakika 45 hadi saa moja. Kwa mtu anayekaa jirani na hospitali hilo ni jepesi. Lakini katika hospitali zaidi ya 170 za idara ya maveterani, yaani askari wastaafu, kama 40 hivi tu ndizo zenye mashine zao za mionzi, kwa hiyo wagonjwa wetu wengi hutoka mbali. Huyu amesafiri saa mbili kwenye gari la DAV, chama cha askari wastaafu wenye ulemavu, linaloendeshwa na watu wa kujitolea, na hataki kumwomba dereva asimame njiani. Basi hanywi kitu tangu alfajiri. Anafika amekauka, na mtu aliyekauka ukimpa nusu lita mwili huinyonya kwanza. Saa inapita, kibofu bado kitupu. Dawa yake ni kuanza kunywa maji ya kutosha tangu jana yake. Kumwongezea vikombe akiwa kwenye chumba cha kusubiri hakusaidii.

Mwenzake amemeza furosemide, dawa ya kuongeza mkojo, asubuhi kwa ajili ya moyo. Kibofu chake kinajaa kwa dakika 20 na kinaendelea kujaa akiwa mezani. Tusithubutu kumwambia aache kidonge. Daktari anaweza kuisogeza saa ya kumeza, au sisi tukasogeza saa ya miadi.

Halafu kuna anayezidisha. Mwambie vikombe viwili, atakunywa vinne, kwa kuwa jeshini agizo hutekelezwa na ziada. Kibofu cha mililita 500 hakiwezi kustahimili dakika kumi za kulala chali, na miguu ikianza kutetemeka tezi nayo inatikisika. Mimi hupenda kumweleza mgonjwa kwamba tunataka kibofu kile kile cha siku ya kupangiwa tiba, si kikubwa kuliko hicho. Kibofu cha mililita 180 kila siku ni bora kuliko cha 400 leo na 90 kesho. Kile kifaa kidogo cha ultrasaundi cha kupima mkojo humaliza ubishi kabla hajavua viatu.

Gesi ndiyo adui mkubwa zaidi. Puto la hewa ndani ya puru huisukuma tezi mbele, na ukingo wa usalama tunaouacha kuzunguka tezi ni milimita chache tu upande wa nyuma. Wengi wamewekewa punje za dhahabu ndani ya tezi, kwa kawaida 3, ambazo tunazilinganisha kwenye picha na mahali zilipopangwa. Hapo pana mtego. Meza inaweza kusogezwa mpaka punje zikakaa sawasawa, lakini ukuta wa puru uliovimba bado umeingia kwenye eneo la dozi kubwa. Punje zinasema ndiyo, puru inasema hapana. Wa kusikilizwa ni puru. Mgonjwa anashushwa, anakwenda msalani, anatembea koridoni robo saa, anarudi, picha inapigwa upya. Ajulishwe tangu siku ya kwanza kwamba hilo huwapata wengi, ili lisije likaonekana ni adhabu.

Kwa mpango wa grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 28, au grei 60 kwa vipindi 20, siku moja mbaya bado ni mbaya, lakini ni sehemu ndogo. Kwa mpango wa vipindi 5, kila kimoja grei 7 na zaidi, kipindi kimoja ni asilimia 20 ya tiba nzima. Huko hakuna kusema kesho atakuwa vizuri.

Utii nao una gharama yake. Ukimwambia askari "usitikisike", anakakamaa kama yuko gwaride. Makalio yanabana, kiuno kinainuka milimita kadhaa, sisi tunapiga picha na kusogeza meza kufuata kiuno hicho kilichoinuka. Dakika tatu baadaye misuli inachoka, kiuno kinashuka, na mashine ndiyo kwanza inaanza kuzunguka. Ndiyo maana afadhali kumwambia alegee, apumue nje, aache uzito wake wote uende mezani, kisha kumsubiri dakika moja kabla ya picha. Vivyo hivyo tunapomsogeza ili nukta za tatoo, alama ndogo alizochorwa kwenye ngozi, zikae chini ya mistari ya leza. Atataka kujivuta mwenyewe. "Mzee, usinisaidie, niache nikuvute na shuka." Akijisogeza, ngozi huteleza juu ya mfupa, na nukta iko kwenye ngozi. Leza itaonyesha sawa huku nyonga ikiwa imepinda.

Miili hii ina historia. Aliyekatwa mguu hana kitu cha kutia kwenye kishikio cha miguu, na nyonga yake huzunguka upande usio na uzito. Hutengenezewa mto wa vakyumu, unaonyonywa hewa ukakakamaa kwa umbo lake, na faili lazima liseme kama siku ya kupangiwa tiba alikuwa amevaa mguu wa bandia au ameuvua, pamoja na picha. Vipande vya bomu vilivyobaki mwilini hutoa michirizi kwenye CT inayomchanganya mwanafizikia anapokokotoa dozi, na huenda vikamzuia mtu kabisa kuingia kwenye MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku. Ukimuuliza kama ana chuma mwilini anaweza kusema hana, kwa kuwa ameishi nacho miaka 50. Muulize kama aliwahi kujeruhiwa. Mwenye betri ya moyo, kifaa cha kuongoza mapigo, ajulikane kabla ya mpango kuanza, kwa sababu dozi inayofika kwenye betri ina kikomo, na nishati za juu ya megavolti 10 huepukwa kwa sababu huzalisha nyutroni zinazoweza kuivuruga.

Sasa kinyago. Saratani ya kichwa na shingo hutibiwa mgonjwa akiwa amefungwa uso na mabega kwa plastiki ya matundu iliyobanwa mezani, kwa kawaida mara 35 kufikia grei 70. Plastiki hulainishwa kwenye maji ya nyuzi joto 65 hadi 70 hivi, hufutwa haraka kwa taulo, huvutwa juu ya uso, huachwa ipoe na kukakamaa dakika kumi. Wakiharakisha kuiondoa, itaendelea kusinyaa na kesho yake itambana. Ndevu ziwe zile zile hadi mwisho: akizinyoa kinyago kinalegea, akizifuga kinambana. Inaonekana ni mambo ya kinyozi, lakini kidevu kinahama.

Kwa mwenye kiwewe cha vita, kufungwa uso, kuachwa peke yake na kufungiwa mlango mzito ni mambo matatu yanayokuja pamoja. Naye hatasema anaogopa. Utaona mikono imekamata ukingo wa meza, jasho juu ya mdomo, pumzi fupi. Usimkaribie kwa nyuma, usimguse kabla ya kumwambia, usifunge klipu zote kwa mkupuo. Siku ya kwanza avalishwe na kuvuliwa, avalishwe na kuvuliwa, bila mionzi. Plastiki inaweza kukatwa machoni, na penye kamera za kufuatilia uso huweza kutumika kinyago cha uso wazi. Akipewa kidonge cha kutuliza, aje na mtu wa kumrudisha nyumbani; swali hilo liulizwe jana yake, asije akaendesha gari mwenyewe.

Masikio ni tatizo la kawaida sana kwa watu waliokaa karibu na mizinga na injini za ndege, na vifaa vya kusikia vinavuliwa kabla ya kinyago. Kwa hiyo spika ya chumbani, ambayo tunajivunia kila asubuhi tunapoikagua pamoja na kamera, leza, kufuli la mlango na kiasi cha dozi inayotoka, kwa huyu ni pambo. Makubaliano yafanywe kabla: akiinua kiganja bila kuinua bega, tunakata mionzi na kuingia. Mwonyeshe, akuonyeshe.

Uzito hupimwa kila juma, lakini mizani hudanganywa na buti na koti la baridi. Angalia mkanda. Tundu jipya lililotobolewa kwa kisu linasema zaidi ya mizani. Kuanzia juma la tatu kidonda cha mdomo na koo huanza kuzuia chakula, shingo inakonda, kinyago kinabaki na nafasi, na kichwa kinazunguka humo ndani ingawa klipu zote zimefungwa. Picha ikionyesha kidevu kimeshuka siku mbili mfululizo, usiendelee kujaza nafasi kwa vitambaa. Mwite daktari, huenda ikabidi kinyago na mpango vifanywe upya. Na kama mke wake yuko pale nje, muulize yeye mumewe anakula nini. Mke ndiye mwenye taarifa kamili.

Wanaokuja kwa maumivu ya saratani iliyoingia mifupani wana swali lao. Kuwataka wataje maumivu kati ya 0 na 10 ni kupoteza muda, watakwambia 3 huku wanatoka jasho. Uliza jana amelala kitandani au kwenye kiti. Aliyelala kwenye kiti hataweza kulala chali kwenye meza ngumu ya nyuzi za kaboni, ama kwa maumivu, ama kwa pumzi. Ukilijua hilo saa moja kabla, dawa ya maumivu humezwa dakika 30 hadi 45 kabla ya kuingia. Ukiligundua mezani, tayari umechelewa, na grei 8 za mara moja hazina kesho ya kusahihisha. Aambiwe pia kwamba maumivu yanaweza kupanda siku chache za mwanzo kabla ya kushuka, la sivyo atakaa kimya akidhani tiba imeshindwa.

Wachache huuliza kama watawadhuru wajukuu wakirudi nyumbani. Mara nyingi ni wale waliowahi kuwa karibu na majaribio ya nyuklia au usafishaji wa mabaki ya mionzi wa 1977 hadi 1980 huko Enewetak, visiwa vya Pasifiki, na wana haki ya kutoamini jibu la haraka. Mionzi ya mashine hii huzalishwa kwa umeme. Ikizimwa hakuna kinachobaki mwilini. Aliyepandikizwa mbegu zenye mionzi ana maelekezo mengine.

Siku zilizokosekana nazo hufichwa. Theluji, gari halikuja, mgongo uligoma, naye hapigi simu asije akasumbua watu. Kwa tezi dume siku huongezwa mwishoni. Kwa kichwa na shingo si hivyo, kwa sababu tiba ikirefuka seli za saratani zilizobaki huzaliana upesi zaidi, kwa hiyo mara nyingi hulipwa kwa vipindi viwili siku moja, vikiachana kwa angalau saa 6. Anayeanza mwishoni mwa Oktoba apigiwe hesabu ya kalenda mapema: Novemba 11 ni sikukuu ya maveterani, na idara ya maveterani hufungwa. Inachekesha kidogo.

Siku ya mwisho, idara nyingi zina kengele ya mgonjwa kupiga akimaliza tiba. Kama ningeulizwa, ningeitundika mbali na chumba cha kusubiri. Pale amekaa mtu ambaye tiba yake haitakuwa na siku ya mwisho, na mwingine anayeshtushwa na sauti ya ghafla. Lenye uzito zaidi siku hiyo ni kumweleza kwamba maumivu ya kuchoma wakati wa kukojoa au vidonda vya koo vinaweza kuendelea, hata kuzidi, kwa juma moja au mawili baada ya kumaliza. Yeye anahesabu vita vimeisha, kwa hiyo hatapiga simu. Tupige sisi, ndani ya siku kumi. Na mwenye tezi dume ajue kuwa PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia tezi, hushuka polepole, pengine kwa zaidi ya mwaka, na inaweza kupanda kidogo na kushuka tena bila saratani kurudi. Hayo aelezwe mke akisikia, na aandikiwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya simu ya muuguzi.