Nilivyolipia Shahada ya Uzamili Nikiwa Kazini

Nilianza kuwaza kusomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii nikiwa na miaka minane kazini kama muuguzi, na jambo la kwanza nililolifanya, kabla hata ya kujaza fomu yoyote ya maombi, lilikuwa kununua daftari la kurasa kubwa na kuchora safu tatu: kinachotakiwa kulipwa, kiasi chake, na fedha zitatoka wapi. Wakati ule niliamini kwamba safu hizo tatu zinatosha. Ilinichukua zaidi ya miaka miwili na aibu moja kubwa kugundua kwamba safu iliyokosekana ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote.

Ili nisichanganyikiwe na tarakimu nyingi, niliamua kupima kila gharama kwa mishahara yangu ya mwezi. Ada ya masomo iliyotangazwa na chuo kwa miaka miwili, yaani mihula minne ya masomo ya jioni na mwisho wa wiki, ililingana na mishahara kumi, sawa na miwili na nusu kwa kila muhula. Hiyo ndiyo namba ambayo kila mtu huitaja anapoulizwa masomo yanagharimu kiasi gani, na hiyo ndiyo namba iliyonidanganya kwa wiki kadhaa. Nilipoandika moja baada ya nyingine ada ya usajili, ya mitihani, ya maktaba na ya mahafali, kompyuta iliyohitaji kubadilishwa, vitabu, nauli za siku za vipindi, na gharama za kukusanya data za tasnifu pamoja na kuomba idhini ya maadili ya utafiti, jumla ilipanda hadi mishahara 12 na nusu. Robo nzima ya ada ilikuwa imejificha nje ya neno «ada».

Nilijipa miezi 18 ya kuweka akiba kabla ya kuanza. Kila mshahara ulipoingia, sehemu moja ya sita ilihamishwa siku hiyo hiyo kwenda akaunti nyingine ambayo sikuichukulia kadi ya kutolea fedha, kwa sababu najijua. Baada ya miezi hiyo 18 nilikuwa na mishahara mitatu kamili. Wapo walioniambia kwamba kusubiri mwaka na nusu ni kupoteza muda. Mimi naona muda ule ulinilipa mara mbili, kwa kuwa pamoja na akiba yenyewe ulinipa nafasi ya kutafuta ufadhili bila papara.

Kuhusu ufadhili, niseme wazi kwamba nilianza na ndoto ya kulipiwa kila kitu. Nilisoma masharti ya programu za kimataifa kwa makini kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza unahitaji uzoefu wa kazi wa angalau miaka 2, na mnufaika anatakiwa kurudi nchini kwake kwa angalau miaka 2 baada ya masomo. Ule wa Japani na Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 1987, unataka uzoefu wa angalau miaka 3 katika kazi inayohusu maendeleo, na mwombaji awe tayari amepata udahili katika mojawapo ya programu zinazoshiriki. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, katika kozi zake za uzamili zinazohusu maendeleo, kwa kawaida hutaka shahada ya mwisho ya mwombaji isiwe imezidi miaka 6. Yangu ilikuwa na minane, kwa hiyo ukurasa huo niliufunga bila kinyongo. Katika programu nilizostahili, niliomba nafasi mbili, nikaitwa kwenye usaili mmoja, na sikuchaguliwa. Nilichojifunza katika zoezi hilo ni kwamba kuanzia dirisha la maombi linapofunguliwa hadi siku ya kuingia darasani huweza kupita karibu mwaka mzima, na kwamba anayeanza kutafuta ufadhili akiwa na barua ya udahili mkononi mara nyingi amechelewa msimu mmoja.

Baada ya hapo nilimgeukia mwajiri. Taasisi yangu ilikuwa na utaratibu wa kurudishia watumishi asilimia 40 ya ada waliyoilipa, kwa sharti kwamba masomo yahusiane na kazi na mtumishi aendelee kulitumikia shirika kwa miaka 2 baada ya kuhitimu. Utaratibu huo ulikuwa umeandikwa katika mwongozo wa watumishi ambao wengi wetu tulitia saini siku ya kuajiriwa na hatukuufungua tena. Rasimu ya mkataba niliyopewa ilisema kwamba nikiacha kazi kabla ya miaka hiyo kuisha, nitarudisha fedha zote. Nilikwenda na kalamu ofisini kwa afisa rasilimali watu, kaka mmoja mpole aliyekuwa amezoea watu kutia saini bila kusoma, nikamwomba kifungu hicho kibadilishwe ili deni lipungue kadiri miezi ya utumishi inavyopita. Haikuwa haki kwamba mtu aliyefanya kazi miezi 23 kati ya 24 adaiwe sawa na aliyefanya mmoja. Alipeleka hoja juu, na baada ya wiki tatu kifungu kilirudi kimebadilishwa. Hadi leo nashangaa jinsi jambo kubwa namna ile lilivyopatikana kwa kuuliza tu.

Kwa furaha hiyo nikaandika katika daftari: mwajiri, asilimia 40. Sikuandika lini.

Muhula wa kwanza ulikwenda vizuri. Nililipa mishahara miwili na nusu ya ada pamoja na nusu mshahara wa usajili na mahitaji mengine, akiba yote ya miezi 18 ikawa imekwisha, nami nikaendelea kuweka kando sehemu ya nane ya mshahara kila mwezi. Hesabu yangu ilisema kwamba muhula wa pili ungelipwa kwa akiba hiyo ndogo pamoja na marejesho ya mwajiri kwa muhula wa kwanza. Lakini mwajiri alirudisha fedha baada tu ya kuona matokeo rasmi ya mitihani, na matokeo hayo yalichelewa kupitishwa. Kufikia wiki mbili kabla ya mitihani ya muhula wa pili, nilikuwa nimelipa mshahara mmoja na nusu kati ya miwili na nusu, na ofisi ya uhasibu ilitoa kadi ya mtihani kwa wanafunzi waliomaliza kulipa tu.

Nakumbuka foleni ya asubuhi ile vizuri sana. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimeshika bahasha yenye risiti zangu zote, na mama aliyekuwa dirishani alizipitia moja moja kwa ncha ya kalamu, kisha akanigeuzia skrini nione salio.

«Mwanangu, bado asilimia 40.»

«Mama, hizo ndizo anazozirudisha mwajiri, na anasubiri matokeo ambayo chuo bado hamjayatoa.»

Alinitazama kidogo, akaondoa miwani. «Basi niletee barua yao inayosema watalipa, na kiasi, na lini. Maneno yako siwezi kuyaingiza kwenye mfumo.»

Barua hiyo niliipata siku ya tatu, ikiwa na mhuri na kiasi kamili, na kadi ya mtihani nikapewa. Jioni ile ile nilifungua daftari nikachora safu ya nne: tarehe ambayo fedha zitakuwa mkononi kweli. Nilipoijaza kwa mihula iliyobaki, niliona jambo ambalo safu tatu za mwanzo zilikuwa zimelificha. Kwa jumla, fedha zangu zote zilikaribia kutosheleza masomo yote, ila karibu kila chanzo kilifika miezi kadhaa baada ya siku ya kulipa. Nilichokihitaji kilikuwa daraja la kunivusha kutoka tarehe moja hadi nyingine, na daraja hilo lilikuwa mkopo wa mishahara miwili na nusu.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi niliosoma nao walipoumia. Nilipata ofa mbili, zote za miezi 24. Ya kwanza ilitangaza riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ya pili asilimia 16, na mtu yeyote mwenye haraka angechukua ya kwanza. Lakini ile ya asilimia 12 ilikokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo kwa muda wote, hata baada ya kuwa nimelipa nusu yake. Kwa kila 100 niliyokopa ningelipa riba ya 24. Ile ya asilimia 16 ilikokotolewa juu ya salio linalopungua kila mwezi, na kwa kila 100 riba yake yote ilikuwa kama 17 na nusu. Yaani mkopo ulioonekana ghali ndio uliokuwa nafuu. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwa kikokotoo, kisha nikamwomba afisa mikopo anichapie ratiba ya marejesho ya mwezi kwa mwezi, inayoonyesha riba na mtaji kando kando. Wa ofa ya pili alinichapia papo hapo. Wa ofa ya kwanza alinihakikishia tu kwamba asilimia 12 ni ndogo kuliko 16, jambo ambalo sikuwa nalibishia. Niliuliza pia maswali mawili ambayo hayamo katika matangazo: gharama za kuandaa mkopo na bima yake ni kiasi gani, na je, kuna adhabu nikilipa kabla ya muda. Awamu ya kila mwezi ikaja kuwa karibu sawa kabisa na ile sehemu ya nane ya mshahara niliyokwisha kuzoea kuishi bila ya hiyo, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyehisi mabadiliko.

Mwaka wa pili ulileta nafuu nyingine ambayo niliipata kwa kusoma ubao wa matangazo wa idara nikisubiri mvua ipungue. Chuo kilitoa punguzo la asilimia 20 ya ada kwa wanafunzi wa mwaka wa pili waliopata wastani mzuri, lakini ilikuwa lazima uombe, na fomu yenyewe ilikuwa kwa katibu wa idara. Katika darasa letu tulioomba tulikuwa wachache mno, na sidhani kama sababu ilikuwa alama. Punguzo hilo lilikuwa na thamani ya mshahara mmoja, ingawa kwangu halikufika lote: kwa kuwa mwajiri alirudisha asilimia 40 ya kile nilicholipa, ada ilipopungua mchango wake nao ulipungua, na faida halisi ikabaki sehemu sita kati ya kumi za mshahara. Sikulalamika. Niliandika tu namba sahihi.

Gharama za utafiti zilifidiwa kwa sehemu na ruzuku ndogo ya idara, yenye thamani ya nusu mshahara, ambayo msimamizi wangu alinielekeza niiombe mara tu pendekezo la utafiti lilipopitishwa. Pengo lililobaki nililiziba kwa zamu za ziada, na hilo silisifii, maana mwezi ule wa zamu nyingi ndio mwezi niliosahau hata kuandika sura ya tatu ya tasnifu. Idhini ya maadili ya utafiti nayo ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, nikavuka muhula wa nne bila kukabidhi kazi, na hivyo nikatakiwa kulipa ada ya kuendelea na usajili, robo ya mshahara. Ilinikera, lakini haikunishtua, kwa kuwa yule mama wa dirishani alikuwa amenionya mapema: «Tasnifu ikichelewa, usajili haulali. Uiweke hiyo kwenye hesabu zako.» Nilikuwa nimeiweka, katika mstari wa mwisho wa ukurasa, na tarehe yake katika safu ya nne ikasubiri marejesho ya muhula wa tatu.

Nilihitimu nikiwa na awamu chache za mkopo zilizobaki, na nilizimaliza kwa marejesho ya mwisho ya mwajiri, miezi miwili kabla ya muda, kwa kuwa mkataba haukuwa na adhabu ya kulipa mapema. Miezi saba imebaki katika mkataba wa kulitumikia shirika.

Mwezi uliopita dada mmoja tunayefanya naye zamu, ambaye anataka kusomea uzamili wa uuguzi wa watoto, aliniomba daftari alione. Alilipitia kimya, kisha akauliza kwa nini safu ya nne imechorwa kwa wino wa rangi nyingine na inaanzia muhula wa pili. Nilimsimulia habari ya kadi ya mtihani. Akachukua karatasi yake, akapiga mistari yote minne kwa mpigo mmoja, na kabla hajaandika kiasi chochote akaanza kujaza tarehe.