Jinsi nilivyodai matunzo ya mwanangu

Mwanangu alipotimiza miaka 4, baba yake alikuwa na miezi 11 hajaleta chochote, na kila nilipompigia simu alinijibu kuwa hana kazi. Hatukuwahi kufunga ndoa, kwa hiyo niliamini kwamba sina pa kushtaki. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yetu ndiye aliyenitoa katika dhana hiyo, akinieleza kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 wajibu wa mzazi hautokani na ndoa, mradi ubaba haubishaniwi au umethibitishwa. Kwetu haukubishaniwa, kwani jina lake lilikuwamo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Afisa alimwandikia wito mara mbili. Mara ya kwanza hakufika. Ya pili alifika, akaahidi mengi, akatoa shilingi 20,000, kisha akanyamaza. Ndipo shauri likafunguliwa Mahakama ya Watoto.

Nilikwenda nimejiandaa kusimulia namna alivyonitenda, lakini hakuna aliyeniuliza hayo. Niliulizwa mtoto anatumia kiasi gani, na bahati nzuri daftari langu la vipimo vya wateja wa cherehani lilikuwa na kurasa za nyuma ambamo nilikuwa nikiandika maziwa, dawa, ada, sare na nauli. Kuhusu kipato chake, hati ya mshahara hakuwa nayo, ila alikuwa na pikipiki 3 za bodaboda, na mmoja wa vijana wanaomwendeshea alikubali kuja kueleza kwamba kila moja humletea hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku.

Sikutarajia kuulizwa kipato changu mwenyewe. Niliudhika, nikiri, mpaka hakimu alipofafanua kuwa sheria inamtaka apime uwezo wa wazazi wote wawili, gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi, na watoto wengine wanaomtegemea mjibu maombi, yaani baba yake, naye alikuwa nao wawili. Niliomba shilingi 200,000 kwa mwezi. Ikaamriwa 120,000 pamoja na nusu ya ada na matibabu, hadi mtoto afikishe miaka 18.

Niliomba pia zilipwe kwa simu, si mkononi, ili kila muamala uache ujumbe. Zimewahi kuchelewa mara mbili, na mara zote nilimwandikia tarehe ya amri na kiasi kilichobaki, bila neno jingine. Zikaingia kabla ya wiki kwisha.